Ndege Huvunjwa na Ardhi



Mtu akisikia ngurumo ya ndege juu ya kijiji chake, huinua macho na kufikiri kwamba hatari iko kule juu mawinguni. Hata abiria hufikiri hivyo. Ndege ikiingia katika wingu jeusi, anashika rozari. Akiona miti na mapaa ya nyumba yanakaribia, anairudisha mfukoni na kuanza kutafuta viatu vyake. Afadhali angefanya kinyume. Hewa haina mawe, haina vichuguu, wala haina mbuzi. Ndege ndogo, hasa zile za watu binafsi na za misheni, huvunjika mara nyingi zaidi pale zinapoiacha ardhi na pale zinapoirudia. Leo nataka kusimulia historia ya jambo hilo katika nchi zetu: jinsi ndege zilivyovunjwa na matumbawe, na waya, na uwanja mbovu, na zaidi, jinsi ndege moja ilivyopasuka mara mbili katika mto mmoja wa huku kwetu kaskazini, ikaja kuokolewa na watu wenye majembe.

Huko seminarini tulifundishwa kutenga sababu ya karibu na sababu ya mbali. Mti ukiangukia nyumba, sababu ya karibu ni upepo. Sababu ya mbali ni mchwa waliolitafuna shina mwaka mzima. Nimeona kwamba habari za ajali za ndege huandikwa karibu zote kwa sababu ya karibu tu: rubani alikosea, mvua ilinyesha, injini ilizimika. Mchwa hawatajwi. Basi katika kila kisa nitakachokisimulia, naomba tuwatafute mchwa.

Sisi watu wa Kisangani tuna haki ya kuianza hadithi hii, maana mji wetu uliona ndege mapema kuliko miji mingi ya Afrika. Mwaka 1920, vita vya kwanza vya dunia vimekwisha karibuni tu, Wabelgiji walianzisha njia ya ndege kwenye mto Kongo, wakaipa jina la Mfalme Albert. Zilikuwa ndege ndogo za Kifaransa, aina ya Lévy-Lepen, zenye injini moja ya Renault ya nguvu za farasi 300. Mwili wake ulikuwa wa mbao kama mtumbwi, na mabawa yake mbao na kitambaa. Hazikuwa na magurudumu, maana zilitua majini. Zilianza kwa kipande cha kwanza cha mto kutoka Kinshasa, na mwezi wa Julai 1921 njia ikafika Stanleyville, ndiyo Kisangani yetu. Safari iliyokula majuma kwa meli ikawa ya siku chache.

Kwa nini walitua mtoni? Jibu ni jepesi: hapakuwa na mahali pengine. Kukata msitu, kung'oa visiki, kusawazisha udongo na kuchimba mifereji ya maji, na kufanya hivyo kila baada ya kilometa mia kadhaa, hiyo ni kazi ya maelfu ya mikono. Mto ulikuwa tayari, mpana, umelala wazi. Lakini mto nao una meno. Magogo huelea yakiwa yamezama nusu, na mtu aliye juu hayaoni. Visiwa vya mchanga huhama baada ya kila mafuriko. Tena maji yakitulia kabisa kama kioo, rubani hawezi kupima kwa macho amebakiza mita ngapi, na anaweza kuupiga uso wa maji akidhani bado yuko juu. Pamoja na hayo yote iko hali ya hewa yetu: unyevu huvimbisha mbao, gundi hulegea, kitambaa hunyauka juani. Fundi wa ndege zile alikuwa seremala, fundi mashua na fundi cherehani kwa pamoja. Njia ile ilifungwa mwezi wa Juni 1922, haijatimiza mwaka mmoja tangu ifike kwetu.

Baada ya hapo watu wakageukia nchi kavu. Kampuni ya Sabena ilianzishwa mwaka 1923. Mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry, aliyepata sifa katika vita, aliondoka Brussels tarehe 12 Februari pamoja na wenzake wawili, akavuka jangwa la Sahara, akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku 51 njiani. Leo safari hiyo huisha kwa usiku mmoja. Mtu huyo aliyelishinda jangwa alikufa tarehe 11 Aprili 1929 karibu na ziwa Tanganyika, katika ndege ndogo, akiwa anachunguza njia za ndege za ndani ya Kongo.

Sasa tuvuke mpaka kwenda Kenya, kwa kuwa huko ndiko kulikotokea kisa kinachotufundisha vema juu ya majeraha yasiyoonekana.

Mwaka 1931 alikuwako Mwingereza aitwaye Denys Finch Hatton, mwindaji, mwenye ndege yake mwenyewe ya aina ya Gipsy Moth. Ilikuwa ndege ndogo ya watu wawili, nyepesi hata watu wachache waliweza kuisukuma kwa mkono. Mwezi wa Mei alisafiri nayo mpaka pwani, kaskazini ya Mombasa. Alipotua huko, rafadha, yaani lile pangaboi la mbele linaloivuta ndege, ilipigwa na kipande cha tumbawe ikabanjuka. Alipeleka habari Nairobi, akaletewa rafadha nyingine, wakaifunga, akaruka mpaka Voi. Tarehe 14 Mei asubuhi aliondoka Voi pamoja na mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Ndege ilipaa, ikazunguka, ikaanguka karibu na uwanja na kuwaka moto. Wote wawili walikufa. Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong, na watalii huenda kulitazama kaburi lake hadi leo. Vitabu vimeandikwa juu yake. Kamau hutajwa kwa mstari mmoja.

Mimi sisemi kwamba tumbawe la pwani ndilo lililoiangusha ndege ya Voi. Hakuna aliyelithibitisha jambo hilo, na si haki kulihukumu jiwe bila ushahidi. Lakini fundi yeyote wa ndege wa siku hizi akiisikia habari hiyo, swali lake la kwanza litakuwa: walibadilisha rafadha, je, injini waliifungua?

Nieleze maana ya swali hilo. Rafadha ikigusa ardhi huku injini inazunguka, pigo haliishii kwenye ncha iliyopinda. Linapita ndani mpaka kwenye mtaimbo wa chuma unaozungushwa na pistoni zote. Mtaimbo ule waweza kupata ufa mwembamba kuliko unywele. Injini itawashwa, itanguruma vizuri kabisa, na mwenye ndege atamshukuru Mungu kwa kuepuka gharama. Ufa nao utaendelea kukua, kidogo kwa kila safari, kama ufa wa chungu kinachorudishwa motoni kila siku. Ndiyo sababu watengenezaji wa injini huagiza kwamba injini ya namna hiyo ifunguliwe yote na kuchunguzwa, hata kama hailii vibaya.

Vivyo hivyo mwili wa ndege. Wengi wetu tumekwisha kuona zile Cessna ndogo zenye magurudumu matatu. Magurudumu mawili yaliyo chini ya tumbo yamefungwa kwenye miguu ya chuma yenye kunyumbuka, imara sana. Lile la mbele ni jingine. Katika aina nyingi limeshikizwa kwenye ukuta wa bati jembamba unaotenga injini na mahali pa kukaa watu. Rubani mwema hutua kwa mawili, akaliacha la mbele likining'inia hewani mpaka mwendo upungue. Akitua kwa haraka mno, au ndege ikidunda kama mpira na kuangukia pua, ukuta ule hukunjamana. Ukisimama nje utaona rangi nzima, madirisha mazima, na rubani akitabasamu. Lakini ukiinama na taa utaona bati limefanya mikunjo kama kitambaa, na misumari ya ribiti imelegea, ikizungukwa na unga mweusi. Hiyo ni ndege iliyovunjika ambayo bado inaruka.

Ziko pia zile za zamani, zenye kigurudumu kidogo mkiani. Uzito wake mwingi uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo zikiwa ardhini hupenda kugeuka ghafla, mkia ukataka kupita mbele, kama mkokoteni unaosukumwa kinyumenyume mlimani. Gurudumu moja likiingia shimoni au kwenye nyasi ndefu zenye maji, ndege huzunguka, ncha ya bawa ikaipiga ardhi. Pigo lile la nchani huumiza shinani, pale bawa linapoungana na mwili. Mwanga wa jua haufiki huko.

Ndege ya namna hiyo, Cessna 180, ndiyo iliyombeba mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway mwezi wa Januari 1954. Alikuwa amemwahidi mkewe Mary safari ya angani kuwa zawadi ya Noeli. Rubani wao alikuwa Roy Marsh. Walitoka Nairobi, wakafika Bukavu kwetu Kongo, wakageuka kwenda Entebbe, na tarehe 23 Januari wakaenda kuyatazama maporomoko ya Murchison huko Uganda. Wakiwa chini sana juu ya maporomoko, ndege wa porini walitokea mbele yao. Marsh akashuka ili kuwakwepa, akagonga waya wa simu wa zamani, usiotumika tena, uliovuka bonde. Ndege ikaharibika sehemu ya mkia. Marsh akaiteremsha katika vichaka, na wote watatu wakatoka wazima, ila Mary alivunjika mbavu. Nasema huyo alikuwa rubani: ndege imejeruhiwa, hakuna uwanja, chini ni miti na mawe, naye amewafikisha watu ardhini wakiwa hai.

Walilala porini. Siku ya pili mashua iliyokuwa na wageni ikawachukua mpaka Butiaba, kwenye ziwa Albert. (Miaka michache kabla, mwaka 1951, watengeneza sinema wa Marekani walipiga sehemu za filamu ya The African Queen huko huko, baada ya kupiga nyingine kwetu, kwenye mto Ruiki, si mbali na Ubundu.) Butiaba walimkuta rubani mwingine mwenye ndege ya De Havilland Rapide, aliyekuwa tayari kuwapeleka Entebbe jioni ile ile. Ndege hiyo ilikuwa ya mbao na kitambaa. Uwanja ulikuwa wa matuta. Ikakimbia, ikaruka kidogo, ikarudi chini, ikawaka moto. Mary na Marsh walitoka kwa dirisha. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa na bega. Fuvu lilipasuka, ini na figo viliumia, na uti wa mgongo pia. Wakati huo huo magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kutangaza kifo chake, kwa sababu rubani wa ndege kubwa aliona mabaki ya ile Cessna bila kuona mtu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alipewa tuzo la Nobel, wala hakwenda Stockholm kulipokea.

Dunia ilifurahia sana hadithi ya mtu anayesoma tangazo la kifo chake mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyoandikwa na kuandikwa tena. Mimi hunivutia zaidi yale mambo mawili ambayo hayakuandikwa sana. La kwanza, ule waya. Haukuwa na kazi tena. Mtu fulani ofisini alipaswa kutuma watu wauteremshe, na hakutuma. La pili, yale matuta ya Butiaba. Katika siku mbili ndege mbili ziliharibika, na hewa haikuwa na kosa lolote. Mchwa wetu wa sababu ya mbali walikuwa kwenye nguzo moja na kwenye uwanja mmoja.

Sasa nirudi nyuma miaka 15, na nirudi Kongo. Ndege nitakayoieleza haikuwa ndogo wala ya mtu binafsi. Naichagua kwa kuwa sijapata kuona mahali pengine ambapo jambo hili lilionekana wazi namna hii, tena lilitokea katika Jimbo la Mashariki la zamani, ambalo mji mkuu wake ulikuwa huu wetu.

Wakati ule Waingereza walikuwa na ndege kubwa za kutua majini zilizopeleka barua na abiria kati ya Uingereza na Afrika ya Kusini. Zilitua Kisumu kwenye ziwa Victoria, na Port Bell karibu na Kampala, kisha Juba kwenye mto Nili, na kuendelea hivyo mpaka Misri na Ulaya. Moja iliitwa Corsair. Ilikuwa na injini 4, mabawa yake yalipata karibu mita 35 toka ncha hadi ncha, na ikiwa na mzigo ilikuwa na uzito wa tani 18 hivi. Tarehe 14 Machi 1939 iliondoka Port Bell kwenda Juba chini ya Kapteni Alcock, ndugu wa yule Alcock aliyekuwa wa kwanza, pamoja na mwenzake, kuvuka bahari ya Atlantiki bila kutua, mwaka 1919. Chombo cha kuonyesha njia kiliwapoteza. Mto Nili haukuonekana. Mafuta yakawa yanakwisha, na chini hapakuwa na ziwa wala bahari, ila msitu na nyika, na katikati yake mto mmoja mwembamba.

Mto ule ulikuwa Dungu, karibu na Faradje, katika wilaya ya Uele. Leo ni mkoa wa Haut-Uele. Watu wa huko wanaujua: kiangazi unajaa mawe, masika unajaa matope. Corsair ilitua salama, ikateleza juu ya maji, na mwamba uliojificha ukaipasua tumbo. Ikazama nusu kando ya mto. Watu wote walitoka hai.

Kampuni ya Imperial Airways haikutaka kuiacha. Zilitengenezwa ndege 42 tu za aina ile, na vita vilikuwa vinakaribia. Wakaleta mafundi kutoka kwa watengenezaji wake Uingereza. Hebu fikiri kazi yenyewe: kuivuta ndege ya tani nyingi kutoka katika matope, kuitoa injini, kukata bati lililoraruka na kupigilia jipya, hapo porini, katika jua na mbu, vifaa vikija kwa njia mbovu toka mbali. Walifanya kazi tangu Machi mpaka Julai. Tarehe 14 Julai Kapteni Alcock mwenyewe akaingia, akawasha injini zote 4, akakimbia juu ya mto ule mwembamba. Ndege ikagonga mwamba mwingine. Ikapasuka tena. Kazi ya miezi minne ikaenda na maji.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Ndege ilikuwa imetengenezwa vizuri; mafundi wale walikuwa miongoni mwa walio bora duniani. Walitengeneza kila kitu, isipokuwa mto. Waliitibu ndege, lakini kitu kilichoivunja walikiacha pale pale, kikiwa kimelala chini ya maji kinangoja.

Mara ya pili walianza na mto. Waliamua kujenga ukuta wa kuzuia maji, yaani bwawa, upande wa chini, ili mto ujae na kuwa kama ziwa refu, na miamba izame chini kabisa. Kazi hiyo haikufanywa na mafundi wa Rochester. Ilifanywa na wenyeji wa Faradje na vijiji vya jirani, kwa miti, mawe, udongo na vikapu. Barabara ilitengenezwa. Vibanda vikaongezeka hata mahali pale pakaitwa Corsairville, mji wa Corsair. Vita vilianza Ulaya mwezi wa Septemba, na watu wa Uele waliendelea kubeba mawe kwa ajili ya ndege moja. Tarehe 6 Januari 1940, rubani mwingine, Kapteni Kelly-Rogers, akaipaisha Corsair kutoka katika yale maji mapya, akaifikisha Juba. Ilitumika vita vyote, na ilivunjwa kuwa chuma chakavu mwaka 1947 tu.

Majina ya marubani yamehifadhiwa, na majina ya mafundi kadhaa. Ya waliobeba mawe hayakuhifadhiwa. Tena tusijidanganye: zamani zile za Wabelgiji, bwana wilaya akiita watu kazini, si kila aliyekwenda alikwenda kwa kupenda. Hilo halipunguzi ukweli kwamba bila wao ile ndege ingeoza Dungu mpaka leo. Kila kiwanja cha zamani katika Kongo kina historia kama hiyo chini ya nyasi zake. Kiwanja cha ndege kwanza ni kazi ya jembe.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu jambo lenyewe bado ni letu. Mkoa wa Tshopo ni mpana, barabara zake twazijua, na mgonjwa au mama mjamzito aliye mbali hana siku tano za kungoja pikipiki ivuke matope. Tangu mwaka 1927, Padre Paul Schulte wa Shirika la Oblate, aliyewahi kuwa rubani katika vita, alianzisha chama cha MIVA huko Ujerumani ili kuzipatia misheni vyombo vya usafiri. Alifanya hivyo baada ya rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, kufa kusini mwa Afrika mbali na tabibu. Ndugu zetu Waprotestanti wana shirika la MAF, ambalo ndege zake zimefanya kazi Kongo tangu miaka ya 1960, na lina kituo huko Bunia. Ndege zenyewe siku hizi ni imara kuliko ile ya Finch Hatton. Ile Cessna Caravan ina injini moja yenye nguvu, na inaweza kutua kwenye nyasi na changarawe. Lakini haina uwezo wa kuona kichuguu kilichoota tangu mwezi uliopita.

Hatari za kutua hatuhitaji kuhadithiwa na watu wa mbali. Tarehe 8 Julai 2011, ndege kubwa ya abiria iliyotoka Kinshasa ilianguka ikijaribu kutua Bangoka katika mvua kali, na watu zaidi ya 70 walikufa. Parokia nyingi za mji huu bado zinawaombea wafu wa siku ile. Ikiwa uwanja mkubwa wenye lami na wafanyakazi unaweza kuona msiba kama huo, je, kile cha misheni kilichoachiwa mlinzi mmoja mzee?

Mahali pengi utakuta hali hii: uwanja ulilimwa na wazee zamani, ndege ikaja mara kwa mara, kisha vita, kisha miaka ikapita. Nyasi zikapanda. Mtu akapanda mihogo ukingoni, mwaka uliofuata akaingia hatua mbili, mwaka mwingine hatua tano. Njia ya watoto wa shule ikakata katikati, na baiskeli zikachimba mfereji ambao mvua ikauongeza. Siku moja simu inapigwa kwamba ndege yaja kesho kumchukua mgonjwa. Vijana wanaitwa, wanafyeka usiku kucha, na asubuhi uwanja unang'aa kwa kijani. Kila mtu anaona umekuwa tayari. Mimi naona kufyeka tu ni hatari kuliko kutofyeka, kwa sababu rubani aliye juu akiona nyasi fupi huamini kwamba na chini yake pameangaliwa. Mfereji ule mdogo wa baiskeli, wenye kina cha kiganja, watosha kulinyakua gurudumu la mbele.

Kwa hiyo katika vijiji vyenye uwanja, kamati ya parokia ingefaa iwe na watu wawili watatu ambao kazi yao ni kutembea. Wautembee wote kwa miguu, si ukingo tu, wakiwa na jembe na mti mrefu. Wabomoe vichuguu mpaka chini kwa malkia, maana kukata kichwa cha kichuguu ni kukialika kirudi. Wajaze mashimo na kuyashindilia kwa udongo wenye changarawe, kwa kuwa udongo mtupu hugeuka uji mvua ikinyesha. Watazame pia miti iliyo mwisho wa uwanja, na waya wowote, na kamba za kuanikia nguo. Kisha marubani wana jaribio lao la zamani: gari lipite uwanja mzima kwa mwendo wa kasi, na kama waliomo wanarushwa vitini, ndege isiitwe. Mahali pasipo gari, pikipiki yaweza kusaidia, au hata toleka iliyopakia mtu mzito nyuma. Huyo wa nyuma ndiye aulizwe.

Na ikiwa uwanja haufai, aambiwe rubani kabla hajaondoka, si akiwa juu. Simu siku hizi zinafika mbali, lakini mtandao hukatika, hivyo ni vema kujua alama inayofahamika na marubani wa dunia nzima: msalaba mkubwa uliolala wa mfano wa herufi X, ule tunaouita msalaba wa Mtakatifu Andrea, ukitandazwa katikati ya uwanja. Maana yake ni kwamba hapa pamefungwa, usitue. Vitambaa viwili vyeupe, virefu vya kuonekana toka juu, vilivyobanwa kwa mawe ili upepo usivichukue, vyatosha kabisa. Na katika sakristia nyingi hakukosekani shuka kuukuu za kukata.